Elfu Thelathini na Tano

Jumatatu, 4 Machi

Masika yameanza leo saa tisa alasiri, bila hata manyunyu ya kutangulia. Umeme umekatika nikiwa katikati ya kalamu, kipande cha mninga kikabaki kimesimama kwenye mashine, nusu kimekerezwa, nusu bado cha mraba. Nimekaa kibandani nasikiliza bati na kuandika. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya oda za wateja, lakini oda ni chache na kurasa ni nyingi. Halafu kwenye karatasi huwa sikwami.

Basi niandike jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mimi, Castory, fundi wa kalamu za mbao hapa Mafiga, nyuma ya nyumba ya Bi Mwanaasha, nauza kila kalamu elfu ishirini. Iwe ya mninga au ya mpingo, iwe na jina la mtu mmoja au jina la bwana harusi na bibi harusi pamoja na tarehe, ni ishirini. Wapo wanaonisifu kwamba sina tamaa. Ukweli ni kwamba nina kigugumizi, na "ishirini" ndiyo bei inayotoka mdomoni. Neno likianza na irabu napita salama. Likianza na t, th, k au p, nafungwa. Jina langu mwenyewe linanifunga. Mteja akiniuliza naitwa nani, namwonyesha kibao cha mlangoni.

Bei ya haki ni thelathini na tano. Nimeipigia hesabu mara nne: vyuma vya ndani vya Kariakoo, gundi, msasa, umeme, na nusu siku ya mikono yangu. Sidhani kama Kiswahili kina neno lingine lililotegwa hivyo. Linaanza na th, lina th nyingine katikati, na ukidhani umevuka, linakusubiri na t.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kalamu mbili. Mteja mmoja. Ishirini.

Jumamosi, 9 Machi

Dada Martina amehamia kwangu. Njia ya kwao kule juu imekatwa na maporomoko, na kupanda na kushuka kila siku ya soko hawezi tena. Ameshuka na matenga mawili ya karoti, godoro lililofungwa kwa nailoni, na maneno mengi. Ananizidi miaka saba.

Hakumaliza hata chai kabla hajanisikia nikimwambia mteja ishirini. Alisubiri yule bwana aondoke.

"Kasto, hiyo kalamu umeshinda nayo tangu asubuhi. Ishirini?"

Nikanyanyua mabega.

"Si uandike bei ubaoni?"

Nilishaandika, mwaka jana. Mtu anaisoma vizuri, halafu ananigeukia: "Hiyo ndiyo bei ya mwisho?" Tunarudi palepale, mdomoni.

Martina akafikiri huku anamenya karoti. "Arobaini je? Arobaini inakushinda?"

Nikaijaribu. Arobaini ikatoka laini kama mafuta.

"Basi umepona! Wewe sema arobaini. Wao watashuka mpaka thelathini, nawe utaitikia kwa kichwa. Hutamki kitu."

Tulicheka mpaka Bi Mwanaasha akaja kuuliza kuna nini.

Jumanne, 12 Machi

Arobaini inafanya kazi. Mhadhiri mmoja wa kule Mazimbu ameshuka nayo hadi thelathini, nikaitikia. Mama mmoja amefika na kumi na tano yake. Martina amemjibu kwa niaba yangu mpaka mama wa watu akaongeza kumi nyingine na kuomba radhi.

Jumamosi, 16 Machi

Ishirini na tano. Thelathini. Ishirini na nane. Kila mtu na bei yake, kutegemea ana mdomo kiasi gani na Martina yuko karibu kiasi gani. Raha naiona, lakini kuna kitu kinanikwaruza.

Jumatano, 20 Machi

Mwalimu Editha wa Kilakala amechukua kalamu ya mpingo ya kumuaga mwenzake anayestaafu. Nimesema arobaini. Amefungua pochi, ametoa arobaini, ameshukuru, ameondoka na mwavuli wake. Hakushusha hata mia. Nimenunua nyama nusu kilo.

Ijumaa, 22 Machi

Umeme hakuna. Nimepiga msasa kwa mkono.

Jumatano, 27 Machi

Mwalimu Editha amerudi. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mpole, haongei kwa sauti. Alikuwa na kalamu mbili mkononi: ile aliyonunua kwangu, ambayo alikuwa bado hajaitoa zawadi, na nyingine, pia yangu, pia ya mpingo, aliyoazima kwa mwalimu mwenzake.

"Fundi, habari za kazi. Hizi zote ni zako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Zinafanana. Mwenzangu alinunua kwako Februari kwa ishirini. Mimi nimetoa arobaini. Sitaki chenji, usiogope. Nataka tu kujua bei yako ni ngapi."

Hakuwa amekasirika. Laiti angekasirika. Nikafungua mdomo na th ikajaa kinywani kama tonge la moto, haimezeki, haitemeki. Martina akaingia kutoka uani na mikono yenye povu: oh, mpingo umepanda, oh, vyuma vya siku hizi, oh, mvua hizi. Mwalimu akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Asante, dada. Nilimwuliza yeye."

Akanisubiri. Ni mimi niliyeshindwa. Nilitazama chini, kwenye taka za mbao, mpaka nikasikia mwavuli wake unafunguka nje.

Nimelala njaa, si kwa kukosa chakula.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Kanisani, halafu ndizi kwa nyama. Mvua imenyesha mchana kutwa.

Jumanne, 2 Aprili

Habari kubwa. Parokia ya kwetu mlimani inatimiza jubilei siku ya Pentekoste, 19 Mei. Mabenchi ya zamani ya kanisa yametolewa, mapya yamewekwa, na kamati inataka mbao za yale ya zamani zigeuzwe kalamu sitini za zawadi, kila moja na jina la mpokeaji. Mwenyekiti wa kamati, Mama Paskalia, amewatuma vijana wa bodaboda waniletee vipande viwili vya kujaribia. Natakiwa kwenda Jumamosi kutaja bei mbele ya kamati.

Kutaja. Mbele ya kamati.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimejaribu vile vipande. Ni mkangazi wa zamani, mwekundu ndani kama chai ya rangi. Lakini mabenchi yale yamepigwa misumari na mababa na mababu, na kila aliyekuja alipigilia juu ya mwenzake. Ncha za misumari zimevunjikia ndani, hazionekani. Patasi yangu nzuri imekutana na ncha mojawapo na imepata pengo. Kwa hiyo mbao ni za bure lakini kazi ni mara mbili. Bei haiwezi kushuka chini ya thelathini na tano. Martina hatakuwepo Jumamosi, ni siku yake kubwa ya soko.

Jumamosi, 6 Aprili

Nitaandika yote, hata yanayouma.

Bodaboda ilinifikisha nusu ya njia, kisha tope likaishinda, nikapanda kwa miguu na viatu mkononi. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya kabichi na huoni hatua kumi. Nilitembea nikirudiarudia peke yangu: thelathini na tano, thelathini na tano. Nikiwa peke yangu halinikwami kabisa. Nililisema vizuri mara labda mia mbili.

Kamati ilikaa kwenye darasa la mafundisho, watu saba.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Shikamooni."

Hapo nilikuwa bado mzima. Mama Paskalia alinikaribisha kiti, akauliza hali ya Morogoro, akauliza mvua. Halafu mweka hazina, mzee Lukasi, akafungua daftari. Huyu ni mfanyabiashara wa mboga, anapeleka magari ya kabichi Dar, mtu mwenye saa mkononi anayeitazama kila mara.

"Haya, fundi. Mbao ni zetu, kwa hiyo hapo umepona gharama. Kalamu moja ni shilingi ngapi?"

"Elfu th—"

Shingo ilikaza. Macho yalijifunga yenyewe, kama kawaida yake.

"Elfu tatu?" akasema mzee Lukasi, na mtu mmoja akacheka.

"Th—"

"Thelathini? Aa, hapana bwana, thelathini na mbao tumetoa sisi? Ishirini. Si ndiyo? Nasikia kule mjini unauza ishirini."

Kichwa changu kikaitikia. Sijui ni nani aliyekiamuru. Nadhani ni mwili uliotaka tu kutoka pale, kama mtu anayezama anavyoshika chochote. Mzee Lukasi akaandika. Mama Paskalia akaniangalia kwa muda.

"Umekubali, baba?"

Nikaitikia tena.

Kalamu sitini, mbao zenye misumari, mwezi mmoja na nusu, kwa bei ambayo ukitoa vyuma, gundi na patasi za kununua upya, inaniachia nauli. Nimeshuka mlima mvua ikinipiga mgongoni. Jambo baya zaidi si hela. Ni kwamba hawakuninyang'anya kitu. Waliniuliza, na nikawapa mwenyewe.

Jumapili, 7 Aprili

Martina amelipuka. "Nitapanda mimi! Kesho hiihii! Huyo Lukasi namfahamu, tumesoma naye shule moja, alikuwa na haraka hata ya kula."

Nikamwambia hapana.

"Hapana nini? Wewe ukienda utaitikia tena! Tangu utoto mimi ndiye nakumalizia maneno. Dukani nani alikusemea? Shuleni nani alisimama kwa mwalimu akataja jina lako? Ili wasikucheke, Kasto!"

Ni kweli. Yote ni kweli. Nikaona ni lazima niseme, nikasema, na ilichukua muda mrefu, na safari hii sikumruhusu anipokonye: "N-ndiyo maana s-sijui k-kuyamaliza."

Ameenda kuosha karoti mvuani bila kujifunika.

Nimemwona dirishani. Miaka yote nimemwona Martina kama mtu anayependa kusema. Leo nimemwona kama mtoto wa miaka kumi na mbili aliyepewa mdogo wake amshike mkono, na hakuna aliyekuja kumwambia kwamba sasa anaweza kumwachia.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Bi Mwanaasha ametuletea pilau sahani mbili. Martina amekula, ameosha vyombo, hajasema zaidi ya "asante".

Jumamosi, 13 Aprili

Mbao zote zimeshushwa. Nimeanza. Kalamu tatu nzuri, mbili zimepasuka kwa misumari.

Jumanne, 16 Aprili

Nimekwenda Kilakala. Nimeketi nje ya geti la nyumba ya Mwalimu Editha mpaka alipotoka kazini. Akashangaa, akanikaribisha ndani, nikakataa kwa mkono. Nilijua nikikaa kwenye kochi na kupewa soda nitasahau nilichofuata.

"Mwalimu, uliniuliza b-bei."

"Nilikuuliza."

Nikaanza. Gari la mchanga lilipita, likafika kona, likapinda. Wasichana wa shule walipita, wakaamkia, mwalimu akaitikia kwa mkono bila kuniondolea macho. Hakutabasamu kunitia moyo, hakuinamisha kichwa kwa huruma. Alisubiri kama mtu anayesubiri maji yachemke, akijua yatachemka.

"—lathini na t-tano."

Mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho. Nikatoa elfu tano mfukoni, nikampa. Niliogopa atakataa, atasema zibaki za soda. Akazipokea, akazikunja, akazitia kwenye pochi.

"Sasa najua," akasema. "Na nikimleta mwingine nitamwambia hivyohivyo."

Nimerudi Mafiga kwa miguu. Sikuhitaji usafiri wowote.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia Martina kwamba Jumamosi napanda mlimani na kwamba naomba aache soko, anisindikize. Ameuliza akanisemee nini. Nimesema hakuna. Ameuliza sasa akafanye nini huko. Nimesema akae.

Jumamosi, 20 Aprili

Darasa lilelile, watu walewale. Niliweka mezani mfuko: patasi yenye pengo, misumari kumi na miwili, kalamu mbili zilizopasuka, na kalamu moja iliyokamilika yenye jina la Mama Paskalia. Ile nzima ilizunguka mezani mkono kwa mkono. Mzee mmoja aliinusa, akasema bado ina harufu ya lile kanisa.

"Kazi nzuri," akasema mzee Lukasi, na saa yake akaitazama. "Sasa tatizo ni nini?"

"B-bei. Ile niliyoitikia si yangu. Bei yangu ni elfu th—"

"Elfu thela—"

Nikanyanyua mkono. Sikujua kama nitaunyanyua mpaka nilipouona uko juu.

"Mzee Lukasi, n-naomba unisubiri."

Mvua ilikuwa imekatika, tukasikia matone yakidondoka kutoka kwenye mgomba nje. Martina alikuwa pembeni yangu, kanga yake ameisokota mkononi, na midomo yake ilikuwa inasogea. Neno zima lilikuwa mdomoni mwake, tayari, na hakulitoa.

Lilitoka. Kwa vipande, lakini lilitoka lote, mpaka t ya mwisho. Elfu thelathini na tano.

"Ulikubali ishirini," akasema mzee Lukasi. "Nimeandika hapa."

"Uliandika wewe," akasema Mama Paskalia. "Nami niliona, nikanyamaza. Tulikubali sisi kwa niaba yake."

Nikawaeleza misumari. Nilieleza taratibu, nikakwama mara nyingi, wakasubiri, wengine wakitazama juu, wengine vidole vyao. Mzee Lukasi akashika msumari mmoja, akaugeuza. Kisha akasema jambo la kweli: fungu lao ni milioni moja na laki mbili, halina nyongeza, michango imeshafungwa. Kwa bei yangu wanapata kalamu thelathini na nne. Watu ishirini na sita watakosa. Niliogopa sana hapo. Niliona oda nzima ikiteleza kama gari kwenye tope, na ishirini ikanijia ulimini, laini, tayari. Nikauma meno.

Mzee Lukasi alichukua orodha ya majina, akatoa kofia ya kalamu yake ya plastiki, na akaanza kukata. Nilidhani ataanza na makatekista au wazee wa vigango, makanisa madogo ya vijijini, wasio na wa kuwasemea. Alianza na jina lake. Kisha wajumbe wa kamati, mmoja mmoja, akiwatazama usoni. Alimruka Mama Paskalia tu, kwa sababu yake ilikuwa imeshatengenezwa. Kisha wageni rasmi wa mjini. "Hawa wana kalamu," akasema.

Wakabaki thelathini na nne.

Tukiwa njiani kushuka, Martina alitembea mbele muda mrefu. Karibu na daraja akageuka. "Nilikuwa nakaribia kufa pale," akasema. "Siku nyingine nipe hata karanga nitafune."

Jumamosi, 27 Aprili

Kalamu kumi na sita tayari.

Ijumaa, 3 Mei

Upepo mkali, umeme umekatika tangu jana. Nimechoma majina kwa waya uliopashwa kwenye jiko la mkaa la Bi Mwanaasha. Yanatoka mazuri kuliko ya umeme, yana weusi mzito.

Jumamosi, 11 Mei

Ishirini na tisa. Martina amejifunza kupiga msasa na sasa ananifundisha mimi namna ya kupiga msasa.

Jumatatu, 20 Mei

Jana ilikuwa Pentekoste. Zawadi zilitolewa baada ya misa, nje, jua likiwaka kama halijawahi kuondoka. Katekista mmoja mzee, macho hayaoni vizuri, alipapasa jina lake kwa kidole gumba herufi moja moja mpaka akalimaliza, akacheka peke yake.

Mzee Lukasi alinimalizia malipo yangu nyuma ya sakristia. Alisimama pale baada ya kunipa, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mimi nina haraka, fundi. Hata mke wangu analalamika. Nikiona mtu amekwama nasukuma tu. Siulizi kama anataka kusukumwa."

Nikamwambia nimeelewa. Akaniuliza kama nikipata nafasi naweza kumtengenezea yake, kwa hela yake mwenyewe, ya mninga. Kisha akaniuliza bei, ingawa anaijua kuliko mtu yeyote mlimani, akafunga mdomo, akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi, na akasubiri. Nilimwona jinsi anavyoteseka. Nilijitahidi nisicheke na hiyo ndiyo iliyonichelewesha zaidi.

Jumamosi, 25 Mei

Njia ya juu imetengenezwa. Martina ameondoka na godoro lake. Kibanda ni kikubwa ghafla.

Jumatano, 29 Mei

Jua. Matope ya uani yameanza kupasuka.

Leo mchana simu imeita, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, Dar, kelele za magari nyuma yake. Namba yangu amepewa na Mwalimu Editha. Anataka kalamu nne za wafanyakazi wenzake. Akauliza bei.

Nikaanza.

"Halo?" akasema. "Halo, fundi? Naona mtandao wako unakatakata. Nikupigie baadaye?"

Ningesema ndiyo. Lilikuwa neno rahisi, na lingenipa siku nzima ya kujificha.

"Siyo mtandao, mama. Ni mimi. N-naomba unisubiri."

Kelele za magari zikaendelea kule kwake. Hakukata. Nikaishika ile th, nikaivuka, nikaivuka ya pili, nikafika mpaka mwisho. Akasema ni ghali kidogo. Nikasema ndiyo. Na sikushuka.

Ameagiza mbili badala ya nne. Mninga, na jina moja ni refu sana. Nimekwenda kutafuta kipande kinachotosha.